Kuitikia Faksi

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu wala sijutii, ndivyo nilivyolelewa. Nilizaliwa Pemba, katika nyumba ambayo redio ilipunguzwa sauti kila mtu alipobisha hodi, hata kama kilichokuwa kikisomwa ni bei ya karafuu. Mama alikuwa na ufundi wa kumuuliza mgeni habari za kwao, za watoto na za mifugo, mpaka mgeni anaaga hajapata nafasi ya kuuliza za kwetu. Kwa hiyo nilipofika London katikati ya miaka ya tisini, na jamaa walionipokea wakaanza kuniusia nisimwamini kila mtu, niliwasikiliza kwa adabu tu. Somo hilo nilikuwa nimeshalimaliza kabla sijapanda ndege.

Baada ya kuhangaika na kazi za usafi na za kuwatunza wazee, nilipata ukarani Tottenham, katika ofisi ya chumba kimoja na stoo, juu ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi alikuwa Mhindi wa Unguja, mzee mwenye nywele nyeupe na sauti nene, mzaliwa wa Mji Mkongwe, aliyeondoka kijana katika siku ambazo watu kama yeye waliondoka na sanduku moja moja. Alikuwa akiishi Queensbury, ambako majirani zake walikuwa Wahindi wa Kampala, wa Kisumu na wa Mwanza. Kazi yake ilikuwa kutafuta mashine zilizotumika ambazo Waingereza wamezichoka: jenereta, vinu vya kusaga, mitambo ya kuchapia, mashine za barafu. Akishaziona katika yadi za watu, huwatumia wafanyabiashara wa kwetu karatasi za bei, na wakikubali huzinunua na kuzipakia kontenani. Karatasi hizo zilipokewa Dar es Salaam na mshirika wake, rafiki yake wa tangu shule.

Siku ya usaili aliniuliza mambo mengi kwa Kiingereza, kisha ghafla akageukia Kiswahili, tena Kiswahili safi cha Unguja mjini.

"Kwenu hasa wapi?"

"Wete, mzee."

"Unajua kunyamaza?"

"Najua."

"Basi njoo Jumatatu."

Tulipatana upesi, na sababu yake ni kwamba sote wawili tulikuwa hatuamini watu. Yeye alifunga droo zake zote kwa ufunguo, hata ile ya biskuti. Mimi nilikuwa nikienda chooni na mkoba wangu begani. Hakuna aliyeona vibaya. Kila asubuhi aliwasha kijiti cha ubani mbele ya picha ndogo ya mungu wake, nami nikiingia namwamkia, "Shikamoo, mzee," naye huitikia, "Marahaba, mwanangu." Hilo neno la mwisho nililipenda, tena sana, maana baba yangu nilikuwa nimemwacha kaburini na hakukuwa na mwanamume mwingine mjini humu aliyeniita hivyo.

Kitu kikubwa katika ofisi ile kilikuwa faksi. Lilikuwa dude la rangi ya maziwa yaliyochacha, limewekwa juu ya meza yake peke yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuliwekea kikombe cha chai. Lakini kutuma faksi kwetu hakukuwa kubonyeza namba tu. Kule Dar mashine ilikuwa ukumbini, katika jengo lenye ofisi za watu wengi, na karatasi ikitoka bila mwenyewe kuwepo, huokotwa na yeyote anayepita. Ndiyo maana mzee alipiga simu kwanza. "Simama kwenye mashine," alimwambia mshirika wake, na mshirika husimama. Karatasi ikishatoka, mzee husoma kwa sauti mambo ya maana: muuzaji nani, yadi iko wapi, namba ya injini ngapi, na mwenzake huitika "ndiyo" kwa kila moja. Mwishoni ni zamu ya mpokeaji. Yeye husoma mwenyewe mstari wa mwisho wa karatasi, ili ijulikane kweli anayo mkononi na haikukatika njiani. Mzee huuliza, "Imefika?" Mwenzake hujibu, "Imefika." Kisha mzee husema, "Basi, kata," na simu hukatwa hapo hapo, bila salamu za watoto. Hiyo tuliiita kuitikia faksi. Karatasi isiyoitikiwa tuliihesabu kuwa haijatumwa.

Kiswahili nacho kilikuwa chombo cha kazi. Tulipokwenda kwenye yadi, mzee alikuwa akitabasamu mbele ya Mwingereza mwenye mashine huku akiniambia, "Injini imepasuka ubavuni, usiangalie huko, cheka kidogo." Nami hucheka kidogo. Mwingereza hudhani tunasifia yadi yake. Kwenye treni, kwenye foleni ya benki, popote pale, tulisema mambo yetu waziwazi tukijiona tumeketi sebuleni na milango imefungwa. Nani angetusikia?

Miaka ikaenda, karne ikageuka, na dude letu likaanza kula karatasi. Mzee alikuwa na binti mmoja, mhasibu, mtu wa suti na haraka, aliyekuja ofisini Jumamosi kulipa bili na kutugombeza. Kiswahili alikielewa chote lakini hakukijibu. Yeye ndiye aliyeleta habari za faksi ya intaneti. Karatasi unaiskani, unaiingiza kwenye kompyuta, inapita kwa kampuni fulani, na kule Dar inafunguka kwenye barua pepe ya mshirika. Hakuna karatasi ya kuokotwa ukumbini. Njiani imefungwa kwa namna ambayo hata mwizi akiipata haisomeki. Anayeifungua lazima awe na neno lake la siri, na mashine huandika nani amefungua nini, na saa ngapi.

"Ikitoka hapa, kabla haijafika kule, inakaa wapi?" nilimuuliza.

"On a server, aunty."

"Na hiyo server iko wapi?"

Akamtazama baba yake, kisha dirisha. Alisema labda Ireland, labda Amerika, haidhuru. Mimi iliniudhi hiyo haidhuru. Siku hizi wanasema vitu hivyo vimekaa kwenye wingu na watu wanaridhika, lakini mimi nilitaka kujua ni chumba gani, na nani mwenye ufunguo wa chumba, na yeye ameoa kwa nani. Mzee pia alikunja uso. Nilitazamia akatae, kwa sababu nilimjua. Badala yake akamuuliza bintiye kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: hiyo rekodi ya nani amefungua nini, yeye ataiona? Binti akasema ataiona. Mzee akasema sawa, ilete.

Ikaja. Dude likahamishiwa stoo, likafunikwa taulo. Tukapewa kila mmoja neno lake la siri, na mimi langu sikuliandika mahali popote. Mzee hakuiamini faksi mpya hata kidogo. Kompyuta ilimwambia imefika, yeye akasema kompyuta haijasimama kwenye mashine. Alitaka kuitikiwa kama zamani. Lakini binti alikuwa ameshaona bili za simu na ameshapiga marufuku ofisi kupiga Afrika: faksi hii tunailipia, simu ya nini tena? Kwa hiyo mzee akawa anashuka ngazi saa za mchana, baada ya kutuma, anarudi baadaye akiwa ametulia. Mimi sikumuuliza anakwenda wapi. Mtu mzima kutoka kwenda kunyoosha miguu si jambo la kuulizwa.

Haikupita muda, mambo yakaanza kuharibika. Kulikuwa na mashine ya barafu katika yadi moja upande wa Kent, safi kabisa, na mteja wa Tanga aliyekuwa akiisubiri kwa ajili ya samaki wake. Tulituma karatasi, mteja akakubali, tukakodi lori. Tulipofika, mwenye yadi alifuta mikono yake kwa kitambaa, akatuambia imechukuliwa jana na watu wa Woolwich, wamelipa zaidi. Mzee alisema bahati mbaya. Kisha ukaja mtambo wa kuchapia, nako tukatanguliwa na watu wale wale wa Woolwich. Hapo hakusema bahati mbaya.

Mwenye biashara ya Woolwich, iliyosafirisha mashine kama sisi, tulimjua. Alikuwa Mpemba, tena wa Wete kama mimi, ingawa kwao na kwetu hatuna undugu wowote ila wa kukutana misibani. Nilipolijua hilo nilianza kuishuku faksi kwa nguvu zangu zote. Nilimshuku mtu wa Ireland, nilimshuku mtu wa Amerika, nikamshuku hata binti wa mzee: suti zile, simu mbili mkononi, kwa nini alihimiza sana? Niliwaza kila mlango isipokuwa mmoja, kwamba nami nashukiwa.

Nililijua kwa salamu. Asubuhi moja nilimwamkia kama kawaida, naye akasema, "Marahaba." Nikasubiri, nimeshika kitasa. Akaendelea kuwasha ubani wake. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Akaanza kuniita "bibi", kwa upole wote, kama anavyoitwa mteja. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mzee ameniondoa katika wanawe, akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Niliumia, na nilikuwa na hasira za mtu asiyejua amkasirikie nani.

Halafu akanitega. Alinipa karatasi nichape: jenereta kubwa, yadi ya Luton, namba ya injini na kila kitu. Nikachapa, nikaskani, nikatuma kwa neno langu la siri, naye akashuka ngazi kama kawaida yake. Siku chache baadaye aliniita nikae mbele ya meza yake. Binti yupo, amesimama dirishani, ingawa haikuwa Jumamosi.

"Ile jenereta ya Luton haipo," mzee alisema. "Haikuwepo kabisa. Mwenye yadi ni rafiki yangu, nilimwomba jina tu. Jana watu wa Woolwich wamekwenda kuiulizia."

Akasukuma nakala ya karatasi mbele yangu.

"Ile karatasi nilikuwa naijua mimi na wewe, bibi."

"Na mashine," nikasema. "Na Dar."

"Dar namwamini tangu kaptula. Mashine ina rekodi. Rekodi inasema hapa London umeifungua wewe, hakuna mwengine."

"Nimeifungua kwa sababu nimeituma mimi! Ningeituma bila kuifungua?"

Binti alisema kwa Kiingereza kwamba hakuna anayenishtaki. Nikamwambia basi akae hapa nilipokaa mimi. Mzee aliinua mkono, akatazama meza. "Nyinyi Wapemba hamuachani," alisema, si kwa ukali, kama mtu anayetoa maelezo. Akanipa barua. Nilikuwa na kazi mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Afadhali angenitukana. Kazi ningepata nyingine, wazee wa kuogeshwa hawakwisha London. Lakini watu wetu mji huu ni wachache na midomo yao inafanya kazi saa zote. Nilijua kwamba kabla sijaondoa kikombe changu ofisini, kuna mtu Woolwich na mtu Queensbury watakaosema yule mama ameuza siri za tajiri wake. Nisingeweza kuajiriwa na yeyote anayesema Kiswahili, na watoto wangu wangeshikwa na jina hilo harusini na msikitini. Nami nilichokuwa nacho cha kujivunia maishani kilikuwa ni hicho hicho, kwamba sisemi.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nilitaka kumpigia mama Pemba. Nyumbani sikutaka, watoto wanasikia. Kadi yangu ya simu ilikuwa imekwisha. Karibu na ofisi kulikuwa na duka la simu, lenye vibanda vya mbao nyembamba na bango la nchi zote na bei zake, na benchi la kusubiria. Nilikuwa sijawahi kuingia, kwa sababu mtu yeyote mwenye akili anaona zile mbao hazizuii kitu. Siku ile niliingia, nikajiambia nitanong'ona.

Nilipewa kibanda cha mwisho. Namba ya mama ikawa inatumika. Nimekaa na simu sikioni, nikasikia sauti ya tajiri wangu.

Ilitoka kibanda cha jirani, nene, ya kupigana na laini mbovu. "Kinu cha kusaga! Kinu! Ndiyo. Yadi iko Dartford, nyuma ya stesheni, geti la kijani. Unaliona hapo? Geti la kijani. Namba ya injini andika." Akaisoma namba yote, tarakimu moja moja. Mwenzake nadhani alimwonya, maana mzee alicheka. "Hapa? Hapa nani atasikia? Wamejaa Wakongo tu, na Kifaransa chao. Haya, nisomee mstari wa mwisho."

Niliweka simu chini polepole. Nilitoka kibandani nikatazama benchi. Walikuwepo watu watatu wanne, na mmoja wao alikuwa amevaa koti la kazi la bluu, lenye jina la biashara ya Woolwich limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa. Alikuwa mtu wa makamo, amejikunyata vizuri, ameinamisha sikio kidogo kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Hujambo, kaka," nikamwambia.

Akainuka nusu, kwa heshima, akanisogezea nafasi ya kukaa. "Sijambo, mama. Karibu, ikala hapa."

"Kumbe unasema Kiswahili?"

"Mama, miye niko mutu wa Bukavu," akasema, na uso wake ukafunguka. "Kwetu Kiswahili tunakisema tangu butoto. Bale ba Kinshasa njo hawakijue."

Mlango wa kibanda ukafunguka nyuma yangu. Mzee alitoka akifuta miwani, akaivaa, akaniona. Kisha akaliona koti. Nilisoma mawazo yake yote usoni pake, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa mabaya: amenifuma. Mimi na mtu wa Woolwich, mchana kweupe, tunazungumza.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo hapa mnapokutana."

Sikupata hata kufungua mdomo. Yule kaka alimwinamia mzee kwa furaha ya kweli. "Shikamoo, mzee. Leo nimekuona sura. Miye naishi karibu, nakusikiaka hapa kila siku nikikuya kupigia bibi yangu simu. Kiswahili yako ni muzuri sana, mzee, ya kitabu. Hata patron yangu, ule tajiri wa Woolwich, ananiulizaka, yule mzee amesoma nini leo?"

Mzee alimtazama mtu yule, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Wewe si Mkongo?" akamuuliza.

"Ndiyo, mzee. Mukongo kabisa."

Nadhani uso wa mzee ndio uliomwambia. Yule kaka alitazama viatu vyake, kisha akachukua kofia yake benchini na kutoka, bila kumpigia mkewe, maana bibi kwao ni mke. Sikumkasirikia, na mpaka leo simkasirikii. Alikuwa amekaa kwenye benchi na masikio yake mawili. Kama kuna mtu alikuwa amepanda juu ya paa na kutangaza siri za ofisi yetu kwa Kiswahili cha kitabu, haikuwa yeye na haikuwa mimi.

Tulipanda ngazi, mzee mbele, mimi nyuma. Alikaa kwenye kiti chake akafungua droo ya biskuti, akaisukuma mbele yangu ikiwa wazi, nikakataa. Kesho yake nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na ile barua niliyopewa akaniomba nimrudishie, akaichana vipande akavitia kwenye kikapu. Aliona imetosha. Samahani hakusema. Watu wa rika lake huona kuomba radhi kwa mdogo ni kama kuvua shati mbele za watu, na mimi nililelewa nisidai. Nikaendelea na kazi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na mume wangu mpaka leo anasema ingefaa iishie hapo. Lakini mzee, katika kunionyesha kwamba ananiamini, alinipa neno lake la siri yeye mwenyewe, la mwenye mali, ili nibadilishe mipangilio ya upande wa Dar. Akakaa nyumbani Queensbury siku hiyo kwa sababu ya mfungo wake. Niko peke yangu ofisini, naipitia ile faksi ya intaneti kwa macho ya mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikakuta mahali palipoandikwa ripoti. Kila ninapoingia, barua pepe inakwenda Queensbury. Kila ninapofungua karatasi, inakwenda. Kila ninapotoka. Nikatafuta ilianza lini, nikitarajia kuona ni baada ya mashine ya barafu, au baada ya ule mtambo wa kuchapia. Ilikuwa imewashwa siku ile ile faksi ilipoletwa, hatujapoteza hata msumari. Na bado ilikuwa inawaka. Hakukuwa na ripoti ya mtu mwingine, si ya binti wala ya Dar. Ilikuwa ya jina langu tu.

Nilimpigia binti simu kazini kwake. Nilimuuliza moja kwa moja.

Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akanijibu kwa Kiswahili, kibovu, cha kuokoteza. "Aunty, ni Baba alitaka. Alisema kama haina hiyo, hataki kununua."

Nilimshukuru. Nilikaa nikitazama taulo lililofunika lile dude kule stoo. Nilikuwa nimefikiri mzee alishikwa na shaka baada ya hasara, kama mtu mwingine yeyote, na shaka ya namna hiyo naielewa, hata ningekuwa mimi. Kumbe miaka yote ya marahaba mwanangu alikuwa anasubiri tu kifaa. Kufuli lote lile, la Ireland na Amerika, la kuzuia wezi wa njiani, lilinunuliwa kwa ajili yangu mimi niliyeketi mita mbili kutoka kwenye ubani wake. Nililia kidogo, nikanawa uso.

Kisha nikachapa karatasi moja. Niliandika jina la ofisi juu, kama tulivyoandika karatasi zote. Nikaandika kwamba ninaacha kazi mwisho wa mwezi, na kwamba naomba barua ya kunisifu, kwa kuwa nastahili. Nikaongeza mstari wa mwisho. Nikaiskani, nikaingia kwa neno langu mwenyewe, nikaituma kwenye barua pepe yake ya nyumbani, nikijua kwamba ripoti itatangulia kumwambia nimeingia, na ripoti nyingine itamwambia nimetuma. Halafu nikachukua simu ya mezani.

"Shikamoo, mzee. Simama kwenye mashine."

"Mashine gani, mwanangu? Si zinakuja kwenye kompyuta?"

"Basi kaa mbele yake."

Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia anavyohema, mtu aliyefunga. Nikasoma kichwa cha karatasi, akasema ndiyo. Nikasoma tarehe, akasema ndiyo. Nikasoma kwamba ninaacha kazi. Nikasubiri mpaka akasema ndiyo.

"Sasa nisomee mstari wa mwisho."

"Mwanangu, si lazima..."

"Isipoitikiwa haijatumwa, mzee."

Alikohoa. Sauti ile nene, iliyopasua mbao za duka la simu, ilitoka ndogo. "Uliniuliza siku ya kwanza kama najua kunyamaza," akasoma. "Nilikwambia najua."

"Imefika?"

"Imefika," akasema.

"Basi, kata."

Hakukata. Nilimsikia yupo pale pale, anahema, na huko nyuma yake redio ya Kihindi inaimba. Nikakata mimi.